Taya la Mastura

Makorora, Tanga
Jumatano, 10 Novemba 1954

Mpendwa kaka Uweso,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kifua cha wifi Muzna kimetulia. Hapa sote tu wazima isipokuwa mpwao Mastura, na yeye ndiye aliyenifanya nitafute karatasi.

Tangu mwezi wa nane taya lake linaalika ko! kila anapotafuna, na kuna siku linakwama kabisa, hata kijiko hakipiti. Majirani walisema ni pepo. Nikafusha ubani, nikamkanda mafuta ya nazi, wapi! Nikampeleka hospitali. Daktari akasema kinachouma ni kiungo cha taya, na si yeye peke yake: mwaka huu amewaona vijana wengi wa rika lake, mabinti wakizidi, wengi wao husaga meno usingizini. Hata yule binti Asmahani wa Mabawa anaumwa hivyo hivyo. Akatupa shauri la uji na kitambaa cha moto. Kisha akaniuliza kama binti ana jambo linalomkera. Nikamjibu hana.

Ijumaa iliyopita baba yake, Sadalla, alimwoza kwa Hamed wa Bweni, ng'ambo ya mto. Asubuhi ile taya lilikwama, nami sikumwambia mtu, niliona aibu na wageni wamejaa. Shekhe akaja mlangoni na mashahidi, akamwuliza mara tatu kama ameridhia. Mastura kafunikwa gubigubi, mimi ubavuni pake. Hakutoa sauti, nawe unajua, mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali. Akanibana mkono hadi kucha zikaniingia. Nikadhani ni haya, nikapiga kigelegele mimi wa kwanza.

Jumapili taya likaachia. Akaweka bakuli la uji chini, akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa natikisa kichwa, nasema sitaki."

Nimemweleza Sadalla. Amenijibu ndoa imeshafungwa, nisimtie aibu mjini. Mtu ambaye Sadalla humsikiliza ni wewe tu, nawe uko Lamu. Keshokutwa baada ya sala watu wa Hamed wanakuja kumchukua. Barua hii ikikufikia atakuwa keshavuka mto, najua, na bado naandika, maana sina lingine la kufanya.

Nisalimie wifi Muzna, Shemsa na watoto wote. Mungu awahifadhi huko mliko, na sisi atuonee huruma.

Mastura anakuamkia. Nilimwuliza kama ana la kukuambia. Taya limekwama tena tangu jana, akatikisa kichwa tu. Safari hii hakufunikwa, nilimwona.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanasiti