Nimemmwagia maji aliyefunga

Vicky, nimeharibu. Nimemmwagia maji Bi Mauza wa duka la jirani, mbele ya wateja.

Umeme hakuna tangu asubuhi, feni imezima, duka kama tanuri. Akasogeza mdoli wake wa kuonyeshea nguo mlangoni kwangu, akanizibia kaupepo kenyewe kale kadogo. Nikapandisha hasira. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, nikammwagia usoni.

Unajua kanijibu nini? "Nimefunga, Candida." Basi. Akajifuta na mtandio, akarudia, "Nimefunga."

Kariakoo nzima inanitetea eti ni joto. Joto gani, Vicky? Yeye hajanywa hata tone tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa nakunywa.

Adhana imelia sasa hivi. Binti yake kaniletea bakuli la futari, kama kila siku. Limejaa. Nakulaje mimi?