Gari Haliuzwi

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikitishia, anua nguo.

Yule mnunuzi wa gari akija, ~~mwambie arudi kesho~~ mwambie haliuzwi.

Mwezi mzima umeliita mkweche. Kila likishtuka na kukohoa barabarani, unasema limezeeka kama marehemu baba yangu aliyeniachia. Liliniuma hilo.

Leo alfajiri, wewe ukikoroma, nimelitoa mwenyewe. Likaenda vizuri hadi kilima cha shule, likakohoa, likazima. Nikafungua kifuniko cha tangi nione kama mafuta yamo. Tangi likavuta hewa, fyuuu! Nikawasha, likapanda kilima kama jipya. Mbele likazima tena. Nikafungua, fyuuu, likawaka.

Ndipo nikakigeuza kifuniko. Kumbe ule mfuko wa nailoni uliouviringisha ndani yake mvua zilipoanza, eti maji yasiingie! Umeziba tundu la hewa, mume wangu. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Gari halikuwa na ugonjwa wowote, ulikuwa umeliziba pua.

Nimeutoa, nikazunguka mji mzima. Halijashtuka hata mara moja! Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa naenda nalo kazini, na nitaliegesha pale mbele kabisa, walione.

Nailoni yako iko chini ya kikombe. Usiitupe. Dada yako anapita jioni, na aliyekuwa akilicheka gari pamoja nawe ni yeye. Umsimulie kwa mdomo wako.

Mkeo,
binti wa mwenye gari