Dada Ni Babu, Dada Ni Kaka

Jumanne, mwishoni mwa Agosti 2021. Rooty Hill.

Upepo tangu alfajiri. Jua lipo, lakini ni la mapambo, halipashi kitu; huku Agosti ni majira ya baridi. Helikopta ya polisi imepita juu ya mapaa kutukumbusha tukae ndani, kana kwamba tuna pengine pa kwenda. Mimi ninaruhusiwa kutoka kwa kuwa ninahudumia wazee, na hiyo ndiyo safari yangu yote: nyumbani, kazini, nyumbani.

Sina huzuni. Sina furaha pia. Nipo.

Leo nataka kuandika habari za neno moja. Tangu tuanze kuvaa magauni ya kujikinga, barakoa na ile ngao ya plastiki usoni, wazee hawatutambui tena. Msimamizi wetu, Wambui, Mkenya asiyependa maneno mengi, akaagiza kila mtu aandike jina lake kwenye plasta pana na kulibandika kifuani. Nikaandika DADA TAUSI. Sikufikiri. Kwetu Morogoro hakuna aliyeniita Tausi kavu isipokuwa mama, tena siku nilizomuudhi.

Hetal, mhudumu mwenzangu kutoka Gujarat, aliisoma plasta akacheka mpaka ngao yake ikaingia ukungu. Kwao dada ni babu, baba wa baba. Halafu akaongeza kwamba huko Mumbai dada anaweza pia kuwa mbabe wa mtaa, yule ambaye wenye maduka wanamwamkia hata kama hawampendi. Kijana wa Kinepali wa zamu ya jioni akasema kwao kaka mkubwa ni dai, ila ukilikaza hilo neno langu na kulipitishia puani kidogo, unapata mgongo wa kilima.

Mzee Sen wa chumba cha mwisho, Mbengali, hakucheka. Alinitazama juu mpaka chini, akanieleza taratibu kwamba dada ni kaka mkubwa, na pia ni mwanamume yeyote unayemheshimu, hata kondakta wa basi. Nikamwambia kwetu ni mwanamke. Akasema haidhuru. Tangu hapo akawa ananiita Dada, nami nikaitika, ingawa sikujua kama anamwita kaka au dada.

Kwa hiyo kwa plasta moja nimekuwa babu, kaka, mbabe na kilima. Na hata kwetu neno lenyewe halijatulia: dada ni uliyezaliwa naye, na dada ni yule anayekufulia na kukupikia kwa mshahara ambao huthubutu kumtajia mtu.

Ningeishia hapo, ingekuwa shajara ya kuchekesha.

Lakini Mzee Sen alikuwa ameacha kula.

Si ghafla. Kwanza alibakiza nusu, halafu robo tatu, halafu akawa anakisogeza chakula na kijiko kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Hana ugonjwa mpya. Korona hana, amepimwa mpaka pua imechoka. Mkewe yuko upande wa Liverpool, kitongoji kingine cha mji huu huu, na haruhusiwi kuja. Daktari alisema asipoanza kula wiki hii, apelekwe hospitali. Sote tulijua maana yake: mzee wa umri ule, wodi isiyoruhusu mgeni, kwaheri kupitia simu iliyoshikwa na mtu asiyemjua. Sikutaka aende. Naandika hivi wazi kwa sababu kazini nilijifanya sina maoni.

Tulijaribu tulivyojua. Hetal alimwombea jikoni dengu zenye bizari. Wambui alibadilisha saa ya chakula. Mimi nilisimama kando ya kiti chake, kama kazi inavyotaka, kwa sababu aliwahi kupaliwa na hatakiwi kula bila mtu wa kumwangalia. Nimesimama na glavu zangu, nikimwambia kwa Kiingereza cha upole jaribu kidogo, moja tu, vizuri sana. Kila siku, kabla ya kugusa chochote, alikuwa anaisukuma sahani kuelekea kwangu. Kila siku nilimrudishia. Nikaandika kwenye kompyuta kwamba amekataa.

Jana jioni ndipo nilipopata akili, nayo niliipata uani.

Ninakaa kijumba cha nyuma. Nyumba kubwa ya mbele ni ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ambaye kazi yake ya ghalani imesimama. Nilipoingia getini alikuwa ameketi kwenye ngazi na wanawe, wanakula fufu na sombe, kisamvu chao. Watoto walinisalimu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Yeye akaisukuma sahani mpaka ukingo wa ngazi, upande wangu.

"Dada, kuya tukule."

Nikasema nimeshiba. Uongo mtupu, tumbo lilikuwa linanguruma. Lakini sheria inakataza kutembeleana, na nilikuwa nimechoka. Nikaondoka haraka, maana kusimama mbele ya mtu anayekula baada ya kukataa mwaliko wake ni aibu ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Nilifika mlangoni na ufunguo mkononi, nikaganda.

Ule mkono wa Mama Furaha nilikuwa nauona kila siku mchana. Mzee Sen hakuwa anakataa chakula. Alikuwa anakaribisha. Mtu aliyekulia mezani pa watu wengi amewekewa sahani moja, na juu yake amesimama mgeni aliyefunikwa uso. Anamkaribisha, mgeni anakataa, kisha mgeni haondoki. Anabaki pale pale akimhesabia matonge. Nani angekula? Mimi nisingekula. Na mimi, niliyelelewa kwa desturi ya “karibu chakula”, ndiye nilikuwa mgeni huyo. Hetal alipoambiwa leo asubuhi alijipiga kipaji cha uso kwa glavu, ikabidi aende kuzibadilisha.

Kaka, babu au dada, sidhani kama kuna lugha ambamo mtu wa namna hiyo anasimama juu yako unapokula.

Sheria bado ni sheria: barakoa haivuliwi chumbani mwa mzee. Ila chumba cha Mzee Sen kina mlango mkubwa wa kioo unaotazama bustani. Nikamwomba Wambui nitumie mapumziko yangu nje ya kile kioo, Hetal abaki ndani akae kwenye kiti, asisimame, amwangalie asipaliwe. Wambui alifikiri kidogo. Akasema, "Sawa, lakini koti uvae."

Nikatoka na bakuli langu la wali na maharage. Nikaketi upeponi, nikavua barakoa. Nafikiri ndiyo mara yake ya kwanza kuniona uso. Alinikodolea macho muda mrefu, halafu akaisukuma sahani yake mpaka ikagusa kioo.

Safari hii sikumrudishia. Nikainua bakuli langu nikaligusisha kwenye kioo upande wangu, nikala kijiko kimoja. Akasubiri nimeze. Kisha akala. Wali wangu ulikuwa umepoa na maharage hayakuwa na chumvi ya kutosha, nami nilikula yote polepole ili nisimalize kabla yake. Alifika nusu ya sahani, akapumzika, akarudia.

Saa tisa mkewe alipiga simu ya video kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kiasi alichokula, maana ndivyo tunavyoripoti. Hakuuliza kiasi. Aliuliza amekula na nani.

Nikasema na mimi.

Mumewe akamwambia maneno kwa Kibengali, nikasikia dada, dada, mara mbili. Yule mama akakisogelea kioo cha simu yake mpaka nikaona paji tu na miwani.

"Na wewe umekula nini?"

Nikamwambia wali na maharage. Akauliza hayo tu? Mboga je? Nikasema mboga sikupika. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaniambia mtu anayefanya kazi siku nzima hawezi kuishi hivyo.

Nilimkabidhi Hetal simu, nikaingia chumba cha mashuka nikalia, kwa sababu tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniuliza nimekula nini, nami nilidhani nimeshazoea.

Kesho nitabeba na mchicha.