Funza wa Selina

Nyakato, Mwanza
12 Machi 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Sengerema, na lile goti lako? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Najua hujibu barua zangu tangu ulipomkataa Projest nami nikaondoka naye, ila mimi nitaandika tu.

Projest amepunguzwa kazini, kiwanda kimepata wenyewe wapya. Basi tumejitosa kwenye kuku, hapa hapa uani. Funza tunao tele siku hizi. Kija huwatoa mwenyewe asubuhi kabla ya shule, anawarushia kuku, na kuku wanagombania mpaka raha. Mjukuu wako ameanza darasa la kwanza na hakujui hata sura. Mama, njoo umwone.

Mwanao,
Selina

Sengerema
3 Aprili 1995

Selina,

Marahaba. Goti ni lile lile. Niliapa kutokuandikia, lakini hili limenishinda. Funza! Miguuni mwa mtoto wa shule! Na unaandika kwa furaha, eti kuku wanakula! Nilikulea kwenye nyumba ya udongo, sakafu nikiinyunyizia maji kila asubuhi ili funza asikuingie hata kidole kimoja. Huyo mwanaume wako haoni mtoto anavyochechemea?

Nakuja Ijumaa baada ya Pasaka. Sindano ninayo, mafuta ya taa ninayo. Wewe chemsha maji ya chumvi.

Kashindye

Nyakato
19 Aprili 1995

Mama,

Shikamoo. Hatujambo, barua yako nimeipata leo. Nimecheka, kisha nikalia. Mama, si wale wa miguuni! Ni funza wa nzi, mabuu. Tunachukua matumbo ya sangara, tunachanganya na pumba kwenye nusu ya dumu, nzi wanataga, na baada ya siku chache dumu zima linachezacheza. Kuku hawajui kitamu kingine. Harufu yake usiulize, jirani yetu Mama Justa ameacha kutusalimia.

Miguu ya Kija ni safi. Nilitaka kunyamaza ili uje, nimeshindwa kukudanganya. Sasa huna cha kuja kutibu. Njoo hivyo hivyo, nakuomba. Barua nampa Odeta, anavuka Ijumaa asubuhi kuuza mitumba huko.

Mwanao,
Selina

Nyakato
8 Mei 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Kija analala na kanga uliyomwachia, kuifua ni ugomvi.

Chungu chako cha mchwa kimetuokoa. Nakijaza samadi kavu na mabua, nayalowesha, nakifudikiza juu ya tundu lao kama ulivyonionyesha. Asubuhi kimejaa mchwa wa kuwapa kuku, na hakinuki. Mama Justa jana kasalimia.

Nadhani barua yangu ya mwisho ilipotea. Ulikagua kila kidole cha Kija, ukarudia, mguu ukaushika mpaka mtoto akasinzia, ingawa dumu la funza uliliona bila kushangaa.

Kuna jambo linamuuma Projest. Alipokuja kukusalimia uligeukia ukutani, na siku zote ulizokaa ulikula jikoni. Mhaya wa watu amenuna. Anasema, "Zamani alinikataa huku ananitazama usoni. Sasa hata kunitazama hataki." Mimi nadhani nimeelewa, lakini sithubutu kumwambia mpaka nisikie kwako.

Mwanao,
Selina

Sengerema
21 Mei 1995

Mwanangu Selina,

Marahaba, mama. Nilifika salama, goti tu lilivimba kidogo. Msalimie Kija, mwambie kanga huwa inafuliwa.

Barua yako haikupotea. Odeta alinikuta kivukoni nasubiri kupanda. Niliisoma pale pale, nikaona aibu peke yangu, nikapanda. Ningerudi nyumbani na sindano yangu nikafanye nini? Nilikuwa na hamu na mtoto wangu, hilo la funza lilinipa njia tu. Miguu ya Kija nilijua ni safi. Nilitaka kuishika.

Huyo Mhaya wako mwambie aache kununa. Ile mara ya kwanza nilimtazama usoni kama ninavyomtazama muuza mkaa. Kwetu sisi mkwe hatazamwi, wala huli naye sahani moja. Akija huku aje na Kija, nami nitampa kisogo mbele ya majirani wote, waone.

Mama mkwe wa Projest,
Kashindye