Nilivyolipia Matangazo ya Bure

Jumanne, Kasulu

Miezi miwili nalipia huduma ya kutafuta mtandaoni isiyo na matangazo, elfu kumi na tatu kila mwezi. Na miezi miwili namcheka Hamisi, mdogo wa mume wangu, anayetafuta bure. "Usipolipa, wewe ndiye unayeuzwa kwa wenye matangazo," namwambia.

Leo natafuta dawa ya viwavijeshi kabla hawajamaliza mahindi ya shamba langu la Titye. Juu kabisa, matangazo manne. Hamisi akachungulia simu: "Shemeji, mbona na wewe umeuzwa?"

Kumbe huduma ile ina kiendelezi, kiprogramu cha kuongeza kwenye kivinjari cha simu; nilikipakua tu, sikukiwasha. Elfu ishirini na sita, nitazame matangazo yaleyale!

Yeye ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza. Dawa ikatokea jibu la kwanza. Akadai soda.

Nimempa maji. Si anapenda vya bure?