Wananipima Ninavyosali

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeambiwa nasali kupita kiasi. Na nani? Na binti yangu mwenyewe, niliyemfundisha mimi kufumba macho! Kaja dukani mchana, kakaa kwenye kiti cha wateja, anapapasa kitambaa cha sare za shule ninazoshona kama anataka kununua. Nikajua kuna jambo. Ati kazungumza na daktari wa akili. Ati kuna fomu ya kupima mtu aliyezama mno kwenye dini. Nikamuuliza, kiasi hicho ni cha nani?

Nakubali, mwezi uliopita nilifunga siku tatu nikaanguka kwenye meza ya kukatia. Mkasi nusura unitoboe jicho. Yeye ndiye aliyenikuta sakafuni. Aliogopa, namwelewa. Lakini kuanguka nimeanguka siku moja. Kusali nimesali miaka arobaini.

Jumatano, 6 Machi

Daktari ni kijana, ana adabu, viatu vinang'aa. Fomu yake ina maswali ishirini na tano. Unasali mara ngapi kwa siku? Ukikosa kusali unajisikiaje? Unasikia sauti ya Mungu ikikujibu? Nikamwambia, mwanangu, miaka arobaini nasema mimi tu. Angekuwa ananijibu si ningenyamaza nimsikilize! Hakucheka. Akaandika.

Mpaka ni alama hamsini. Nikiuvuka naanza vidonge, tena nisiishi peke yangu — yaani nifunge duka, nihamie kwa binti. Vidonge vya nini? Vya kutuliza. Nitulie vipi tena? Mle chumbani nani alikuwa ametulia kunishinda?

Nimepata arobaini na moja. Zilizobaki ni za mtu wa nyumbani: binti atanitazama siku kadhaa na kuandika.

Nikamweleza daktari, mimi napima watu tangu ujana. Kifua, kiuno, mkono. Ukishaandika vyote bado hujui nguo itamkaaje. Akasema ni mfano mzuri, mama. Akarudi kwenye swali la kumi na nane!

Ijumaa, 8 Machi

Binti anajifanya kaja kunisaidia kupiga pasi. Tangu lini? Daftari kalificha chini ya sare.

Kinyozi wa mlango wa pili kaniuliza kulikoni. Nikamwambia. Kacheka mpaka mteja wake kalalamika. "Kwani imani ni kisukari?"

Jumapili, 10 Machi

Nimesali saa nzima. Kwa makusudi. Mlango wazi. Aandike!

Jumatatu, 11 Machi

Kaenda msalani, daftari kaliacha. Nimelisoma lote, wala sijutii. "Saa tatu: amesimama mezani, midomo inacheza, namwita hasikii. Dakika ishirini." "Saa nane: vilevile. Dakika thelathini." Kila siku hivyohivyo.

Loo! Saa tatu nilikuwa nahesabu! Sare mia na ishirini alizoagiza mwalimu mkuu kwa wanafunzi wake — huyu kiuno kipungue, huyu pindo liongezwe, yule bega moja liko chini. Mtu akinisemesha napoteza hesabu, nianze upya. Ndiyo maana siitiki! Kakulia chini ya meza hii hii, hajui mama yake anavyohesabu?

Nimecheka peke yangu. Nimelirudisha palepale. Keshokutwa nitamuumbua mbele ya daktari.

Jumatano, 13 Machi

Niko chumbani kwa daktari. Kalamu naikandamiza. Hasira, si woga. Labda na woga kidogo.

Binti kasoma daftari lake. Daktari kajumlisha: hamsini na sita. Nikaeleza habari ya kuhesabu. Tena nikawaonyesha, nikampima daktari kwa macho tu, midomo ikicheza: kifua arobaini, mkono ishirini na nne. Binti kashika mdomo. "Kumbe, mama!" Daktari kafuta, kajumlisha upya. Arobaini na tatu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Basi mama, uko salama, umesema mwenyewe kazini husali.

Sikusema hivyo!

Ningenyamaza, saa hizi ningekuwa njiani narudi dukani. Binti alishasimama na mkoba wangu mkononi. Lakini iliniuma. Nimwache kijana wa watu aandike uongo, tena niutumie kama kinga? Nikamwambia, keti, baba. Nikishahesabu, nikishakata, nakaa kwenye cherehani. Hapo ndipo nasali hasa. Midomo imefumbwa, miguu inakanyaga. Kila mtoto atakayevaa ile sare namwombea kwa vipimo vyake, maana majina siyajui. Na wewe binti yangu, hapo ndipo nimekuombea tangu uko tumboni, na hujaniona hata siku moja. Andika na hiyo.

Kalamu ikasimama. Kwa siku ni muda gani, mama? Saa nne. Tano, kazi ikiwa nyingi. Kila siku? Kila siku. Na ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Daktari ametoka kumwita daktari mkubwa. Fomu iko mezani. Binti analia, ananinong'oneza: akirudi mwambie ulikuwa unatania. Nakuomba, mama. Duka litafungwa!

Najua litafungwa. Nalipenda duka langu, Mungu anajua. Nimempa leso afute machozi.

Sasa nasikia sauti mbili nje ya mlango. Nimevuta kiti karibu na meza, wasije wakasema sikusikia swali.