Kuhusu Picha ya Setilaiti na Shamba Letu la Kapseret

Kwa mjukuu wangu Wairimu,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa babu yako, guka kama unavyoniita. Nyanya yako hajambo, na ng'ombe mweusi amezaa. Madhumuni ya barua hii ni kujibu swali lako: je, uache kujifunza urubani kwa kuwa wajomba wako wamekucheka?

Ni kweli ulikosea. Picha ya setilaiti uliyoitumia kupanga safari yako ya mafunzo ya ndege ilipigwa wakati wa kiangazi, shamba likiwa tupu, ndiyo maana ukaliteua shamba letu liwe mahali pa kutua ndege ikipata hitilafu. Sasa hapo pana mahindi yanayompita mtu kimo. Mjomba wako mmoja ameuliza, "Mwaka huu tutavuna kwa ndege?" Acha aulize.

Nikiwa kijana niliwasilisha ombi katika baraza la chifu, tufunguliwe njia ya kupeleka maziwa. Nilikuwa nimechora ramani wakati wa kiangazi, nayo njia ikapita kwenye kinamasi kilichokuwa kimekauka. Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, punda wetu umewafundisha kuogelea?" Baraza lote likacheka, na chifu akaniamuru niketi. Nilikataa kuketi mpaka akaniahidi nafasi katika baraza lililofuata. Kisha niliitembea njia yote mvua ikinyesha, nikachora upya.

Kwa hivyo, tafuta picha ya msimu huu, unipigie simu nikueleze palipo malisho matupu, kisha upange upya. Wajomba wako nitawajibu mimi.

Naomba uamuzi wako: utaruka, ama hutaruka?

Guka yako